Mzani Hauoni Kitambi

Kwenye upimaji wa afya wa bure mtaani kwetu, foleni ilikwenda haraka. Unavua viatu, unapanda mzani, unasimama mgongo ukutani, muuguzi anabonyeza simu, namba inatoka. Mbele yangu alikuwepo kuli, mabega yamekomaa kwa magunia: urefu mita 1.68, kilo 78. Simu ikatoa 27.6. "Kaka, uzito umezidi, punguza kula." Akafuata karani wa duka, miguu myembamba, kitambi kimeusukuma mkanda hadi tundu la mwisho: mita 1.70, kilo 72. Jibu likawa 24.9. "Baba, wewe uko vizuri." Akaondoka amefurahi, wala hakuna aliyempima kiuno.

Namba hiyo ndiyo BMI. Unachukua kilo zako, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Chini ya 18.5 wewe una uzito pungufu. Kuanzia 25 umezidi. Kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Aliyeibuni hesabu hii katika miaka ya 1830, Mbelgiji Adolphe Quetelet, hakuwa tabibu. Alikuwa mtaalamu wa hesabu na nyota, akitafuta sura ya mtu wa wastani katika umma wa watu. Jina la sasa lilitolewa mwaka 1972 na Mmarekani Ancel Keys na wenzake, baada ya kulinganisha vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000. Wanaume watupu.

Hata hiyo mipaka imewekwa na watu, na watu huihamisha. Mwaka 1998 Marekani ilishusha mpaka wa uzito uliozidi hadi 25; kwa wanaume ulikuwa 27.8. Mamilioni waliamka "wamezidi" bila kuongezeka hata gramu moja.

Lakini siungani na wanaosema tuitupe. Ukikusanya maelfu ya watu, kadiri namba inavyopanda juu ya 30 ndivyo kisukari, presha na maradhi ya moyo yanavyopanda nayo. Wizara inayotaka kujua kama taifa linanenepa haina kipimo rahisi kuliko hicho. Tena kwetu namba hii ina kazi ya ziada, kwa sababu macho yetu yanatudanganya. Aliyenenepa anaambiwa amenawiri, mume anamtunza. Aliyekonda, tangu miaka ile ya Ukimwi ilipotuzika ndugu, ananong'onwa. Mtu anayebeba 34 anahitaji kuambiwa ukweli ambao majirani hawatamwambia, na "nina mifupa mizito" si jibu.

Shida inaanza pale namba ya umati inapotolewa kama hukumu ya mtu mmoja. Mzani unapima vyote kwa pamoja: misuli, mifupa, maji, mafuta. Hauwezi kujua mafuta yamekaa wapi, na hapo ndipo penye jambo. Mafuta ya makalio na mapaja hayana madhara makubwa. Yale yanayojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na kongosho, ndiyo yanayoufanya mwili usiitikie insulini; sukari ikabaki kwenye damu, presha nayo ikapanda. Kuli alikaripiwa kwa misuli yake. Karani, aliyebeba hatari tumboni, alipewa ruhusa ya kuendelea.

Dawa ya kosa hili ni futi ya fundi cherehani. Tangu 2022 mwongozo wa afya wa Uingereza unashauri kiuno kisifikie nusu ya urefu wako. Karani wa mita 1.70 alipaswa kubaki chini ya sentimita 85. Hata kwa macho alikuwa ameshapita. Unazungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, unatoa pumzi, hubani tumbo. Kliniki zetu si wageni wa utepe: kila siku zinapima mzingo wa mkono wa mtoto kutafuta utapiamlo, na hakuna anayesema kazi imekuwa kubwa.

Nilimuuliza yule muuguzi mbona hapimi kiuno. Hakukasirika. Alinionyesha fomu: jina, umri, urefu, uzito, BMI. Pa kuandika kiuno hapakuwepo. Wanaochapa fomu hizo waongeze mstari huo mmoja, na kila meza iwekwe futi, kabla ya karani mwingine kurudishwa nyumbani akiamini yuko salama.