Mgeni Anayekuja Kuwafundisha Watoto Wetu



Bonde la Kilombero limezoea wageni. Mwaka 1949 Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara, na kazi yake ikawa chimbuko la taasisi ya utafiti wa afya iliyopo hadi leo. Miaka ya 1970 Wachina walipita humo wakijenga reli ya TAZARA. Siku hizi vijana wa Ulaya na Marekani huja nchini mwetu kwa majuma machache, wakijitolea kuwafundisha watoto yatima, maskini na wenye ulemavu. Mzazi wa Lipangalala ana haki ya kuuliza: je, jambo hili lina kheri na mwanangu?

Jibu letu ni kuwa kheri ipo, ila ina masharti.

Tumtazame kwanza mtoto mwenyewe. Wakulima wengi wa mpunga bondeni huhamia mashambani msimu wa kilimo, wakaishi katika vibanda mbali na mji. Mtoto ama huwafuata akakosa masomo, ama huachwa na bibi yake. Mtoto huyu anahitaji mwalimu atakayekuwepo Jumatatu ijayo na Jumatatu itakayofuata. Mgeni akimzoesha kwa michezo na peremende, kisha akaondoka baada ya wiki tatu, huwa amemwongezea upweke. Isitoshe, shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Asiyekijua atamfahamishaje mtoto wa darasa la pili hesabu ya kugawanya?

Wapo waliolitambua hili. Wajitoleaji wa Peace Corps ya Marekani, waliofika Tanganyika mara ya kwanza mwaka 1961, wamekuwa na utaratibu wa kujifunza lugha kwanza, kisha kukaa miaka miwili.

Nasi tunayo mifano iliyo bora zaidi. Kabla ya Hijra, Mtume (SAW) alimpeleka Mus'ab bin Umayr Madina kufundisha, naye akakaa kwa mwenyeji wake, As'ad bin Zurara, akaishi na watu. Imam Bukhari amepokea kuwa pamoja naye alikuwepo Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, yule ambaye kwa ajili yake iliteremshwa Suratu Abasa. Aliyekuja jana akitafuta elimu, leo akawa mwalimu ugenini. Basi mtoto mlemavu tusimwone kuwa ni chombo cha kuombea misaada kwa picha zake. Huenda yeye ndiye mwalimu wa kesho.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi na wasimamizi wa vituo: mgeni akae walau muhula mmoja, awe na kibali cha ukaazi na uthibitisho wa mwenendo wake, asiachwe peke yake na watoto, kwani Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatuwajibisha kuwalinda, na amsaidie mwalimu mwenyeji, asichukue nafasi yake.

Na sisi je? Tunao vijana waliohitimu ualimu, wanangoja ajira mijini huku wakijua lugha na mila za watoto hawa. Msikiti mmoja ukimlipia kijana mmoja chumba na chakula kwa mwaka, darasa zima litanufaika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyejiuguza, mgeni hatamponya.

Wabillahi tawfiq.