Jalidi Haifiki Ziwa la Ng'ombe

Sisi wazazi wa mtaa wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, tuna la kusema kuhusu maswali ambayo watoto wetu hurudi nayo kutoka shuleni. Jioni mama ametoka kuuza mboga Kongowea, baba ameshuka mjengoni, na daftari lafunguliwa: eleza, kwa Kiingereza, jinsi jalidi inavyopasua miamba. Swali lenyewe ni halali. Kinachotuuma ni kwamba mtoto ameachiwa akalijibu na watu ambao hawajapata kuiona jalidi maishani, katika mji ambao hata usiku wa Julai, baridi ilipozidi, twalala madirisha wazi.

Nyanya akiulizwa, asema jalidi ni barafu. Ni kweli, ila alama haitoki hapo. Kaka mkubwa aliyemaliza fomu foo akumbuka jibu alilolikariri: maji huingia katika ufa, huganda, huvimba kwa kiasi cha asilimia 9, mwamba ukapasuka. Muulize hayo hutokea wapi hapa Kenya, hana jibu, maana naye hakuambiwa. Jirani ataja Limuru, mwingine Kericho. Ni kweli jalidi huko iko, na Januari 2012 iliunguza majani ya chai mashamba kwa mashamba. Lakini usiku mmoja wa kuunguza jani hautoshi kupasua jabali. Kwa hilo sharti upande Mlima Kenya, karibu na kilele chenye urefu wa mita 5,199, ambako maji huganda usiku na kuyeyuka mchana, siku nenda siku rudi. Mstari mmoja tu kitabuni ungelimaliza shaka hiyo. Kwa nini haumo?

La kusikitisha zaidi ni kwamba somo hilo twaishi nalo ndani ya nyumba. Kuta nyingi za mtaani kwetu ni za mawe ya matumbawe yaliyokatwa matimboni, na maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi. Unyevu hupanda ukutani na chumvi yake. Ukikauka, chumvi hubaki ndani ya vitundu vya jiwe, chembe zake hukua na kusukuma. Ndipo rangi ikabambuka kuanzia chini, plasta ikavimba, na asubuhi mwenye nyumba akafagia unga mweupe. Fundi huitwa, hulipwa, hupiga plasta mpya, na baada ya muda ukuta warudia palepale. Chumvi inafanya kazi ileile ya jalidi: kitu kimekua ndani ya nafasi finyu mpaka jiwe likashindwa kuhimili. Dari za zege nazo hupasuka hivyohivyo, kwa sababu nondo ikishika kutu hunenepa. Mtoto aliyekulia chini ya dari ya namna hiyo angeweza kuandika ukurasa mzima, lau angeulizwa.

Mvua nayo ina kazi yake. Hubeba hewa ya ukaa kutoka angani na udongoni, ikawa asidi hafifu, na asidi hiyo huyeyusha chokaa ya matumbawe. Nenda Nyali maji yakipwa utazame miamba ilivyotoboka na kuchongoka, na chini ilivyoliwa na bahari. Vuka daraja uende Mji wa Kale: Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, imebidi ijengewe ukuta wa kuzuia mawimbi yasiule msingi. Bamburi, jirani zetu, kiwanda kilianza kutoa saruji 1954 kwa kusaga matumbawe hayohayo. Yote hayo ni safari ya matatu, na mtoto wetu aulizwa habari za jalidi.

Halafu vyaja vitenzi. Mtoto ajua hasa kilichotokea, aandika freezed, achorewa alama nyekundu kwa kuwa ilitakiwa froze. Na squeeze, inayofanana na freeze kwa sauti, yachukua -ed bila taabu. Hakuna aliyemweleza kwamba froze na broke ni masalia ya Kiingereza cha kale, kilichobadili irabu ya katikati ili kuonyesha wakati uliopita. Aonekana hajui miamba, kumbe kilichomshinda ni kitenzi. Hili latukera kuliko yote.

Walimu hatuwatupii lawama. Twajua darasa zilivyojaa. Lakini tangu mtaala wa umilisi uanze nchi nzima 2019 twaambiwa mtoto ajifunze kwa kutenda na kwa mazingira yake, na tumelipa saiberi kuchapisha picha za theluji ya Ulaya ili zibandikwe daftarini. Fedha hiyo ingempeleka pwani akarudi.

Twaomba hivi. Swali la jalidi libaki, lakini litanguliwe na swali la ukuta: kwa nini rangi ya nyumba yenu hubambuka kuanzia chini? Akishalijibu hilo, aambiwe habari za kilele cha Mlima Kenya, ataelewa mara moja. Na ikiwa lazima jibu liwe la Kiingereza, vitenzi vyake vifundishwe kwanza darasani, mchana, kabla mtoto hajafika nyumbani na stima kupotea.