Simba iache kuanza upya kila dirisha la usajili

Mabao 11 kwa mawili. Hiyo ndiyo hesabu anayotembea nayo shabiki wa Simba tangu Juni 25, 2025, siku Yanga ilipoichapa timu yake 2-0 na kubeba ubingwa wa Ligi Kuu kwa mara ya nne mfululizo. Kilikuwa pia kipigo cha tano mfululizo kwenye Dabi ya Kariakoo. Kilianza kile cha 5-1 Novemba 5, 2023, kikaja cha 2-1 Aprili 2024, kikafuata cha 1-0 kwenye Ngao ya Jamii Agosti mwaka huo, kingine cha 1-0 Oktoba, halafu hiki cha Juni. Mechi tano, Mnyama kafunga mara mbili tu.

Sasa dirisha kubwa limefunguliwa na mambo ni yale yale. Kila asubuhi kijiweni kuna jina jipya. Mara winga kutoka Afrika Magharibi, mara beki wa kati kutoka Afrika Kusini, mara straika ambaye hakuna aliyewahi kumwona akicheza zaidi ya vipande vya video vya dakika tatu. Usiku watu hawalali, wanasubiri utambulisho kwenye simu. Jezi mpya itatoka, Simba Day itafurika, na jamaa wa Mbagala au Buguruni atajibana ili apate jezi na tiketi. Hakuna anayemlazimisha, ni mapenzi yake. Ila safari hii anauliza swali ambalo viongozi wa Msimbazi hawana haki ya kulikwepa: hawa wachezaji wanachaguliwa na nani, kwa kigezo gani, na wakigeuka magarasa nani anabeba mzigo?

Ni swali la haki. Simba haikuwa hivi.

Kuanzia msimu wa 2017/18 hadi 2020/21 Wekundu hawa walibeba ubingwa mara nne mfululizo. Msimu wa 2018/19 walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, wakarudi tena hatua hiyo 2020/21. Kikosi kile hakikujengwa kwa usiku mmoja. Mwaka 2017 walitua Aishi Manula, Shomari Kapombe, Erasto Nyoni na John Bocco kutoka Azam, wakamkuta Mohamed Hussein 'Tshabalala' aliyekuwepo tangu 2014. Mwaka uliofuata wakaongezwa Meddie Kagere, Pascal Wawa na Clatous Chama. Luis Miquissone akaja 2020. Kila mwaka kilichofanyika ni kuongeza juu ya kilichokuwepo. Shabiki aliweza kuitaja 11 ya kwanza akiwa amefumba macho, na wageni waliokuja walikuta uti wa mgongo wa Watanzania wanaojua maana ya kuvaa ile jezi nyekundu.

Agosti 2021 mambo yakaanza kwenda kombo. Chama akauzwa RS Berkane ya Morocco, Miquissone akaenda Al Ahly ya Misri. Kuuza si dhambi. Klabu zote zinauza, na mchezaji naye ana maisha yake. Kosa lilikuwa kuuza roho mbili za timu kwa wakati mmoja bila kuwa na watu wa kuingia moja kwa moja. Jibu la Simba likawa kuwarudisha wale wale. Chama alirejea Januari 2022, Miquissone akarejea 2023 na hakuwa tena yule aliyekuwa akiwatesa mabeki wa Afrika nzima. Pengo la leo lilikuwa linazibwa kwa kumbukumbu za jana.

Kilichofuata ni timua timua. Kati ya Oktoba 2021 na Aprili 2024 benchi la Simba lilipitiwa na Didier Gomes, Pablo Franco, Zoran Maki, Juma Mgunda, Roberto Oliveira 'Robertinho' na Abdelhak Benchikha, halafu Mgunda akarudishwa tena kumalizia msimu. Kila kocha alikuta wachezaji ambao hakuwachagua, akaomba wake, akafukuzwa au akaondoka kabla hawajazoea hata njia ya kwenda mazoezini. Aliyemfuata akawakuta hao, naye akataka wengine.

Mfano mzuri ni dirisha dogo la Januari 2024. Simba iliachana na washambuliaji wawili kwa mpigo, Jean Baleke na Moses Phiri, katikati ya msimu. Nafasi zao wakaletwa Freddy Michael na Pa Omar Jobe. Jobe alidumu nusu msimu. Freddy naye hakumaliza mwaka. Msimu ukaisha Simba ikiwa ya tatu nyuma ya Yanga na Azam, ikakosa tiketi ya Ligi ya Mabingwa na kuangukia Kombe la Shirikisho. Baleke yule yule aliyeonekana hafai akaibukia Yanga miezi michache baadaye, na Chama naye akavuka mtaa Julai 2024. Shabiki anayekumbuka hayo hawezi kuambiwa "tuwaamini viongozi" akakubali kirahisi.

Wapo wanaosema tatizo lilikuwa makocha. Waitazame Yanga. Msimu wa 2024/25 Wananchi walianza na Miguel Gamondi, wakamtimua Novemba, wakamleta Sead Ramovic, naye akaondoka Februari, wakamalizia na Miloud Hamdi. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja, na bado kombe likabaki Jangwani. Iliwezekanaje? Kwa sababu waliokuwa uwanjani hawakubadilika ovyo. Kipa Djigui Diarra na kiungo Khalid Aucho walisajiliwa 2021, wakacheza misimu yote minne ya ubingwa. Stephane Aziz Ki alikuja 2022. Fiston Mayele alipoondoka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, wengi walisema Yanga imekwisha. Dirisha hilo hilo wakatua Pacome Zouzoua na Maxi Nzengeli, na Aziz Ki ambaye tayari alikuwa ndani akamaliza msimu na mabao 21 ya ligi. Pengo la Mayele halikuzibwa na mtu mmoja. Liligawanywa kwa watu ambao timu ilijua inawataka wafanye nini.

Hapo ndipo tofauti ya miaka minne ilipo. Fedha Simba inazo, na haijawahi kukosa ujasiri wa kuzitumia. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Kila dirisha klabu inasajili kana kwamba haikuwahi kusajili dirisha lililopita.

Kanuni za ligi zinaruhusu klabu kusajili wageni 12. Shabiki wa kawaida akiisikia namba hiyo anaona ni kubwa. Kwa timu inayocheza ligi, Kombe la Shirikisho la ndani na michuano ya Afrika, ni ndogo. Mgeni mmoja akiwa garasa, hasara haiishii kwenye mshahara na fedha za kuvunja mkataba. Kuna nafasi moja kati ya 12 imekufa, na kuna kijana wa Kitanzania amekaa benchi akimpisha mtu ambaye hamzidi kitu. Wakiwa wanne, theluthi nzima ya wageni wako imelala. Ndiyo maana kukosea usajili hapa kwetu kunauma kuliko kukosea mbinu za mechi moja.

Tena Simba yenyewe ina ushahidi kwamba inaweza kufanya vizuri. Dirisha kubwa la 2024 liliendeshwa tofauti kidogo. Alikuja kocha Fadlu Davids, kikosi kikafumuliwa, wakaletwa vijana kina Jean Charles Ahoua, Steven Mukwala, Joshua Mutale na Debora Fernandes, na kipa Moussa Camara. Wengi hawakuwajua. Kocha akapewa msimu mzima bila kutimuliwa kwa kelele za mitandaoni. Matokeo? Ahoua kawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Timu imefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa na Berkane kwa jumla ya mabao 3-1, na kwenye mechi ya marudiano pale Amaan, Zanzibar, bao la Simba likafungwa na huyo huyo Mutale. Kwenye ligi, timu iliingia mechi ya mwisho dhidi ya Yanga ikiwa nyuma kwa pointi moja tu. Ushindi ungeipa ubingwa.

Kwa hiyo hatari kubwa ya dirisha hili ni hasira. Hasira ya Juni 25 inaweza kuwafanya viongozi wafumue tena kila kitu ili kumfurahisha shabiki kwa wiki mbili. Hilo likitokea, mwaka mmoja wa kujenga utakuwa umetupwa, na wapya watahitaji tena msimu mzima kuzoeana huku Yanga ikiendelea pale ilipoishia. Timu iliyokosa ubingwa kwa mechi moja haihitaji wachezaji 10 wapya. Inahitaji watatu au wanne wa maana, katika nafasi ambazo kocha mwenyewe amezitaja.

Shabiki naye ana sehemu yake. Ni yeye anayezomea mchezaji mechi ya tatu tu, anayepima dirisha kwa idadi ya utambulisho, anayewaona viongozi wamelala kama wiki imepita bila jina jipya. Kiongozi anayeogopa kelele hizo atasajili ili kuzinyamazisha. Mwisho wa siku anayelia ni shabiki huyo huyo. Subira anayopaswa kuwa nayo ni kubwa kuliko aliyonayo sasa.

Lakini subira haiombwi gizani. Mabadiliko ya mfumo wa uendeshaji yalipopitishwa, mwekezaji Mohammed Dewji alichukua asilimia 49 kwa ahadi ya Sh20 bilioni, wanachama wakabaki na asilimia 51. Waliambiwa kuwa zama za klabu kuendeshwa kienyeji zimekwisha, kwamba sasa kutakuwa na bodi, watendaji na mahesabu. Mwenye asilimia 51 ya kitu ana haki ya kuuliza kwa nini kitu chake hakiendi. Hajauliza mshahara wa mtu. Anataka kujua utaratibu.

Utaratibu huo unaweza kuelezwa kwa lugha nyepesi kabisa. Kwanza, klabu imtaje mtu mmoja mwenye neno la mwisho kwenye usajili, awe mkurugenzi wa ufundi, mkuu wa skauti au kocha mwenyewe. Simba imewahi kuajiri mkuu wa skauti, hivyo cheo si kigeni. Kigeni ni mwenye cheo kusimama mbele ya watu mwisho wa msimu na kusema huyu nilimleta mimi, amefeli, na hii ndiyo sababu.

Pili, mchezaji asiletwe kabla nafasi haijatajwa. Timu inaposajili jina kubwa kwanza halafu ikaanza kumtafutia pa kucheza, kocha anageuzwa fundi cherehani anayepewa nguo iliyokwisha kushonwa na kuambiwa aiongezee mikono.

Tatu, mikataba ya nguzo za timu imalizwe mapema. Shabiki amechoka kusikia kila Juni kuwa mchezaji anayempenda amebakiza siku kadhaa na mazungumzo "yanaendelea vizuri". Chama aliondoka hivyo, mkataba ukiwa umefika mwisho. Klabu iliyoungua mara moja ilipaswa kuwa inaogopa moto.

Nne, mkutano mkuu wa wanachama upewe taarifa ya usajili kama unavyopewa taarifa ya fedha: waliokuja, waliotoka, waliocheza na ambao hawakucheza. Karatasi moja inatosha. Kiongozi anayejua kuwa karatasi hiyo itasomwa mbele ya wanachama atafikiri mara mbili kabla ya kusaini mtu kwa sababu ya video.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji mabilioni. Vyote vinahitaji viongozi wanaokubali kuulizwa.

Msimu mpya uko mlangoni. Uwanja utajaa tena, ngoma zitapigwa, na kauli mbiu mpya itapokea kijiti cha Ubaya Ubwela. Watu wa Msimbazi watakuwepo, kwa sababu walikuwepo hata usiku ule wa 5-1. Wametoa nauli, wametoa sauti, wengine wametoa hata amani ya nyumbani kwao. Viongozi wao wanadaiwa kitu kimoja kabla dirisha halijafungwa: wataje ni nani anayesajili, ili Juni ijayo wanachama wajue pa kupeleka pongezi au lawama.