Yaliyopita Ndiyo Ndwele Yenyewe

Mtu akitolewa hai kwenye basi lililopinduka Barabara ya Morogoro, au akinusurika risasi iliyomuua mwenzake aliyeketi ubavuni pake, hupokewa na kauli mbili. Ya kwanza ni "mshukuru Mungu umepona". Ya pili huja wiki chache baadaye, watu wanapomwona bado yuko kimya, chakula hakimpiti kooni na mlango ukibamizwa anaruka: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Wakishasema hivyo huaga na kwenda zao, wakiamini wametimiza wajibu.

Husemwa kwa mapenzi, hilo halina ubishi. Methali ile inawafaa sana ndugu waliogombania shamba la mikorosho na sasa wanataka kupatana. Kwa manusura wa tukio la ghafla haifai hata kidogo. Kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na kumtaka ayasahau ni sawa na kumtaka mgonjwa wa malaria aache kutetemeka.

Mkoa wa Pwani una sababu nyingi za kulijua jambo hili. Jioni ya tarehe 13 Aprili 2017, gari la polisi lililokuwa likirudisha askari kutoka doria lilishambuliwa kwa risasi eneo la Mkengeni, wilayani Kibiti. Askari 8 waliuawa. Mmoja alinusurika akiwa na jeraha. Shambulio hilo lilikuwa sehemu ya mfululizo wa mauaji yaliyozitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga na kuchukua roho za watu zaidi ya 30, wakiwemo wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na askari. Baadhi yao walifuatwa usiku nyumbani kwao, familia zikiwa ndani.

Taarifa za siku zile zilihesabu waliokufa na silaha zilizoporwa. Waliobaki hawakuhesabiwa: mke aliyesikia mumewe akiitwa nje, mtoto aliyejificha uvunguni, askari ambaye zamu yake ilibadilishwa asubuhi ile. Kwa hesabu za taarifa, hao wote walikuwa salama. Hawakuwa hata na mchubuko.

Ugonjwa wa watu hawa unajulikana kwa mwanzo mmoja tu wa sentensi: ningeli. Ningelimzuia asifungue mlango. Ningelisema hayupo. Ningelikaa mimi kiti cha mbele. Anayelaumiwa katika sentensi hizo si muuaji wala dereva mlevi. Ni msemaji mwenyewe. Na hapo ndipo jirani mwenye huruma hukosea zaidi, kwa sababu humjibu kwa hoja: "Wewe huna kosa, ilikuwa siku yao." Manusura anajua kwa akili yake kwamba hana kosa. Alifanyalo moyoni ni jambo jingine. Kujilaumu kunampa dunia yenye mpangilio, ambamo mtu akifanya sahihi wenzake hawafi. Akiiachia lawama ile, anabaki na dunia ambamo watu wanane hutoka kazini jioni na hawafiki nyumbani, bila sababu yoyote iliyo mikononi mwake. Wengi huona afadhali kubeba hatia kuliko kuishi katika dunia hiyo.

Jambo hili limechunguzwa kwa miongo mingi. Miaka ya 1960 daktari wa magonjwa ya akili William Niederland, ambaye mwenyewe aliikimbia Ujerumani ya Hitler akaishia Marekani, aliandika juu ya watu waliotoka hai kwenye kambi za mateso za Wanazi. Aliwakuta wamejaa hatia, si kwa walilolitenda, ila kwa kuwa wao wapo na ndugu zao hawapo. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani waliingiza rasmi kwenye orodha yao ya magonjwa maradhi ya msongo yatokanayo na tukio la kutisha. Dalili zake hazina utaifa: tukio linajirudia lenyewe kama linatokea sasa, mtu anakwepa kila kinachomkumbusha, usingizi unakatika, mwili unakaa macho kama mlinzi aliyesahauliwa kubadilishwa zamu.

Hapo wapo wanaoinua mkono na kusema hayo ni maradhi ya Wazungu, Mwafrika ameumbwa kuvumilia. Watazame Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini magharibi mwa Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waliokuwa na maradhi hayo. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa namna ya kukaa na mtu na kuisimulia naye habari yake kwa mpangilio, tangu kuzaliwa, kupitia siku ile mbaya, hadi leo. Miezi kadhaa baadaye, takriban 7 kati ya 10 ya waliopata msaada huo hawakuwa tena na ugonjwa. Miongoni mwa waliofuatiliwa tu bila msaada, waliopona hawakufika 4 kati ya 10. Uvumilivu, kwa lugha ya tarakimu hizo, ni dawa dhaifu.

Zimbabwe nako daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye kile ambacho Washona hukiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili hahitaji kutafsiriwa zaidi. Yeye husema, "Yule ana mawazo", na kila mtu barazani anaelewa kwamba mtu huyo anaumwa.

Tena watu wa Pwani ndio wangepaswa kuwa wa mwisho kuamini kwamba ukimya unaponya. Kisarawe, kwa Wazaramo, msiba haukuachwa kamwe uishe wenyewe. Watu hulala matanga. Mikeka hutandikwa, wanawake hukaa chini na mfiwa, watani huja kumchokoza hadi acheke katikati ya machozi, kisha siku inawekwa ya kuanua tanga, na arobaini husomwa. Waliopanga haya walijua kwamba majonzi yana hatua, yanataka watu wengi, na yanataka muda. Hakuna aliyemwambia mjane siku ya tatu kwamba yaliyopita si ndwele.

Shida ni kwamba mikeka hiyo yote hutandikwa kwa ajili ya aliyekufa. Aliyenusurika hana mkeka.

Mfikirie utingo wa lori, kijana wa Mlandizi. Usiku wa manane dereva wake alimwambia, "Bwana mdogo, lala kidogo, nitakuamsha Chalinze." Aliamshwa na vyuma. Amerudi nyumbani na mshono juu ya jicho na mfuko wa plastiki wenye shati la dereva, ambalo hakuna aliyelidai na yeye hathubutu kulifua wala kulitupa. Nyumba yao iko karibu na barabara. Kila lori linaposhuka likipunguza mwendo kwa ule mngurumo wa breki ya injini, anakaa kitandani na miguu yake inatafuta viatu. Mchana kijiweni wenzake wanampiga bega: "Umezaliwa upya, bwana!" Anacheka nao. Jioni anakunywa. Siku ya arobaini ya dereva anakwenda Kisarawe, lakini haingii. Anasimama chini ya mkorosho nje ya uwanja, viatu miguuni, kwa sababu anaogopa mama wa marehemu atamtazama na kuuliza kwa macho: na wewe ulitokaje?

Vijana wa namna hii ni wengi kando ya barabara ile inayobeba mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Hospitali ya Tumbi, Kibaha, umbali wa kilometa 40 hivi kutoka Dar es Salaam, imejulikana miaka mingi kwa kupokea majeruhi wake. Mfupa ukiunga, mgonjwa hupewa ruhusa. Lakini akifika nyumbani hukuta jamii iliyokwisha kumfungia jalada.

Upande wa Kisarawe kuna kumbukumbu ya aina nyingine. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011, ghala la silaha la Jeshi la Wananchi lililipuka Gongo la Mboto, kwenye barabara inayopanda Pugu kwenda Kisarawe. Watu wasiopungua 20 walikufa. Maelfu walikimbia gizani bila kujua wanakokwenda, wengine wakaishia Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Wengi wa watoto hao walipatikana. Hapo ndipo imani ya kusahau inapoonyesha udhaifu wake. Mzazi aliyeuachia mkono wa mwanawe katika kishindo kile, kisha akampata kesho yake amekaa kituo cha polisi, anaambiwa hana cha kulilia kwa kuwa mtoto yupo. Yeye analilia ule mkono. Anajua alikimbia hatua ngapi kabla ya kugundua kwamba ameshika hewa.

Shukrani nazo zikilazimishwa huwa mzigo. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Wanafunzi 32, walimu 2 na dereva walikufa. Watoto 3 walibaki hai na wakapelekwa Marekani kutibiwa. Nchi nzima ikawaita watoto wa muujiza. Neno lilitoka kwenye upendo na furaha ya kweli. Hata hivyo mtu mzima afikiri kabla ya kumvika mtoto yeyote neno hilo, maana mtoto husikia swali lililofichwa ndani yake: kwa nini muujiza ulinichagua mimi ukawaacha rafiki zangu?

Wenye dini wasitumie dini kufunga vinywa. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, na hakuna aliyemwona amekosa shukrani. Katika Kitabu cha Ayubu, marafiki zake walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua midomo kumweleza kwa nini yamempata.

Ipo hoja moja upande wa pili yenye uzito: kwamba kuuliza ni kutonesha kidonda. Ni kweli kwamba kumlazimisha mtu asimulie kunaweza kumuumiza. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa na Cochrane mwaka 2002 ulionyesha kwamba kuwakusanya watu mara tu baada ya tukio na kuwahoji kwa kikao kimoja hakuzuii maradhi haya. Wanaomsogezea mjane simu ili arekodiwe akilia wanamwumiza bila sababu. Ni kweli pia kwamba watu wengi hupata nafuu wenyewe ndani ya wiki za mwanzo. Lakini kutomlazimisha mtu kusema ni jambo moja, na kumkataza kusema ni jambo jingine kabisa. Anayemwambia manusura "achana na hayo" hajamlindia kidonda chake. Amejilinda mwenyewe asikione.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na wenzake unaweka kazi tatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Hazihitaji shahada. Kuangalia ni kujua nani halali na nani ameanza chupa. Kusikiliza ni kukaa, bila kudadisi, hadi yeye mwenyewe aanze. Kuunganisha ni kumfikisha kwa ndugu, kwa afisa ustawi wa jamii, kwa daktari pale mwezi unapopita na ndoto hazijakoma. Shirika hilo linaonya pia dhidi ya kuwapoza watu walioshtuka kwa dawa za kundi la diazepam, ambazo mtaani hugawiwa kwa urahisi ili "alale tu".

Kibaha na Kisarawe zina wote wanaotakiwa kwa kazi hiyo: maafisa ustawi wa jamii, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watendaji wa vijiji, maimamu na mapadri, na akina mama wanaojua kutandika mkeka kabla hata hawajaombwa. Mtendaji anapoandika orodha ya waliokufa, aandike chini yake majina ya waliokuwa nao. Askari anayerudi doria baada ya kumzika mwenzake aulizwe na mkuu wake jinsi anavyolala, na jibu lake lisimharibie kazi.

Na yule utingo chini ya mkorosho, mtu amwendee. Mama wa marehemu akiweza, amwite yeye: "Njoo ndani, mwanangu, vua viatu." Asiulizwe chochote. Sahani ya wali inapopita, apewe nafasi kwenye mkeka ale na wenzake, na kesho yake, siku ya arobaini na moja, mikeka ikishakunjwa na watu wakishatawanyika, mmoja wao apande gari hadi Mlandizi, akae naye kibarazani magari yakipita, na awe bado amekaa pale atakapouleta ule mfuko wenye shati.