Zinki ya baharini haiilindi injini yako ziwani

Ndugu mvuvi, na wewe mwenye duka la vipuri, leo tuache kidogo habari za pamba na mpunga tuzungumzie mguu wa injini ya boti. Hapa Nassa mguu ukitoboka tunasema umeliwa na maji. Mimi sikubali. Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi ya kuila alumini kwa kasi ile. Mara nyingi anayekula ni jirani yake.

Mguu wa injini ni wa alumini. Shafti ya propela ni ya stenlesi, na huenda fundi amekufungia boliti ya shaba kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji zinakuwa kama betri ndogo: moja inaliwa, nyingine inabaki salama. Kati ya alumini na stenlesi au shaba, inayoliwa ni alumini. Utaona rangi imevimba kama malengelenge, chini yake unga mweupe, kisha vishimo. Kishimo kikipenya, maji yanaingia kwenye oili ya gia, oili inakuwa kama chai ya maziwa, na gia zinafuata. Hapo msimu wa dagaa umekupita boti ikiwa nchi kavu.

Kile kipande cha kijivu kilichofungwa karibu na propela kimewekwa kiliwe badala ya mguu. Bati la nyumba yako linafanya vivyo hivyo: zinki iliyopakwa juu inaliwa kwanza ili chuma kisishike kutu. Kwa hiyo ukikipaka rangi kipande hicho ili injini ipendeze, umekifunga mdomo. Na kikifungwa juu ya rangi, bila kugusa alumini tupu, hakifanyi kazi.

Lakini ugomvi wangu mkubwa ni na maneno ya dukani kwamba "zinki ni zinki". Zinki inafaa baharini. Kwenye maji baridi hujifunika gamba gumu na kuacha kufanya kazi. Mwenye boti anakitazama, anakikuta kizima, anashukuru kwamba kinadumu! Kipande ambacho hakipunguki hakikulindi. Kwa maji ya Ghuba ya Speke kinachofaa zaidi ni cha magnesi, na kikikosekana, cha aloi ya alumini. Ukiwa dukani vipime mkononi: kwa ukubwa uleule, zinki ina uzito zaidi ya mara nne ya magnesi. Wapo wanaoilalamikia magnesi kwamba inaisha upesi. Inatakiwa iishe. Kibadilishe kikifika nusu.

Kipande kiwe karibu na kinachokilinda, maana katika maji yasiyo na chumvi ulinzi wake haufiki mbali.

Jambo hili si geni. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika kwa shaba sehemu ya chini ya meli yake HMS Alarm ili mbao zisitobolewe na wadudu. Ilipokaguliwa mwaka 1763, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imeoza. Iliyobaki nzima ni ile iliyokuwa bado imetenganishwa na shaba kwa karatasi ya kahawia. Karatasi tu! Wewe una mpira wa tyubu ya baiskeli. Ukilazimika kufunga metali mbili tofauti kwenye boti, kata kipande ukiweke katikati, na kichwa cha boliti ukiwekee washa ya plastiki. Bora zaidi, usiziba boti ya misumari kwa kipande cha shaba.

Ukitia nanga, inua injini mguu utoke majini, kwa sababu hiyo betri ndogo haifanyi kazi nchi kavu. Na wenye taa za betri za kuvulia dagaa, kagueni nyaya. Waya uliochubuka na kulala kwenye maji ya ndani ya boti unaweza kula metali haraka kuliko yote niliyotaja hapa.

Wenye maduka wa Nassa na Lamadi, mkienda Mwanza kuchukua mzigo, ulizeni cha magnesi kwa jina. Bebeni kipande cha zamani cha mteja, kwa sababu matundu ya boliti hutofautiana kati ya injini na injini.