Hayo Si Makosa ya Kiingereza

Hoja za wanaojiita walinzi wa Kiingereza sahihi mmezisikia, tangu darasani hadi kwenye usaili wa kazi: neno la Kiingereza lina maana moja tu iliyo sahihi, "less" haikai na vitu vinavyohesabika, "they" si ya mtu mmoja, sentensi isiishie kwa kihusishi. Nimezipitia moja moja, maana kwa watoto wetu alama ya Kiingereza humfungulia mtu mlango au humfungia. Ninyi wasomaji ndio mahakimu.

Hoja wanayoitegemea zaidi ni ya asili. Wanasema "decimate" ni kuua mmoja katika kila kumi, adhabu ya majeshi ya Roma, kwa hiyo anayelitumia kwa maana ya kuteketeza sehemu kubwa amekosea. Asili hiyo ni ya kweli, siipingi. Lakini ikiwa asili ndiyo sheria, basi ihukumu maneno yote. "Nice" limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya asiyejua, na Waingereza wa zamani walimwita hivyo mpumbavu. Mbona leo walinzi hawa humwita mtu "nice" wakikusudia kumsifu? Na tuje kwenye neno letu wenyewe, safari. Kwetu anayetoka Tanga kwenda Moshi kumzika shangazi yake yuko safarini. Waingereza walilichukua neno hilo katika karne ya 19, wakalifunga kwenye uwindaji, kisha kwenye kutazama wanyama. Kwa kanuni ya asili, kila mtalii wa Serengeti analitumia vibaya. Hakuna anayemsahihisha, wala hapaswi kusahihishwa. Kanuni inayotumika kwa neno moja na kuachwa kwa jingine si kanuni.

Pili, "less" na "fewer". Wanadai kwamba kinachohesabika huhitaji "fewer", na kwamba ndivyo Kiingereza kilivyokuwa siku zote. Sivyo. Mfalme Alfred alitumia "less" pamoja na maneno yanayohesabika zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Katazo linaanzia kwa Robert Baker, aliyeandika mwaka 1770, naye alilitoa kama jambo analolipendelea yeye. Waliokuja baadaye ndio waliogeuza pendeleo la mtu mmoja kuwa amri. Tena wenyewe huiacha: husema "less than five miles" na "less than two weeks", ingawa maili huhesabika na wiki huhesabika. Wakijibu kwamba maili tano ni umbali mmoja, wamekiri kwamba kipimo si kuhesabika.

Kuhusu "they", wanasema ni wingi, kwa hiyo "someone left their bag" inavunja mantiki. Tuifuate mantiki hiyo hadi mwisho. "You" nalo lilikuwa la wingi, na umoja wake ulikuwa "thou". Leo mtu mmoja huambiwa "you are", kitenzi kikiwa kilekile cha wingi, na hakuna anayelia. "They" ya mtu asiyetajwa jinsia imo katika maandishi ya karne ya 14, na Jane Austen aliitumia mara nyingi. Kama waandishi wakubwa ndio kipimo cha ufasaha, kama walinzi hawa wanavyotuambia, wamkubali Austen hapa pia.

Katazo la kihusishi halihitaji maneno mengi. Mwandishi John Dryden alimlaumu mwandishi Ben Jonson kwa kumalizia sentensi kwa kihusishi mwaka 1672, kisha akarudi kufuta vihusishi vya namna hiyo katika insha yake mwenyewe. Aliyeitunga hukumu alikuwa ameandika hivyohivyo.

Hoja yao ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: tukilegeza haya, makosa hayatakuwapo tena. Yatakuwapo, na ni makubwa. Mwanafunzi anayeandika "my mother, he is sick" amekosea, kwa kuwa msomaji ataanza kumtafuta mwanamume anayeumwa. Chanzo chake kinajulikana: "yeye" ya Kiswahili haibagui mke na mume. Anayesema "borrow me your pen" amekosea pia, naye ametoka kwenye "niazime kalamu", kwa kuwa kitenzi chetu kimoja hubeba pande zote mbili, ule wa anayetoa na ule wa anayepokea. Makosa haya yanapotosha ujumbe, yanamwangusha mtoto mtihani, na hayarekebishwi kwa kutishwa. Yanarekebishwa kwa mazoezi ya sentensi, nyingi, kila wiki.

Mwalimu, kipindi ulichokitenga kumfundisha mtoto akimbie kihusishi mwishoni mwa sentensi, mpe cha "borrow" na "lend".