Bwana Chemirocha

Juma hili namkumbuka mwimbaji mmoja ambaye Wakipsigis wa Kenya walimwita Chemirocha, wakasema ni nusu mtu, nusu swala.

Jina lake hasa ni Jimmie Rodgers. Alizaliwa mwaka 1897 huko Mississippi, Marekani. Mama yake alifariki naye angali mtoto. Baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua wa reli. Kijana naye akaingia relini, akawapelekea vibarua maji, kisha akawa mfunga breki wa gari moshi, jua liwake, mvua inyeshe. Mwaka 1924 madaktari wakamwambia ana kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda. Akabaki na gitaa lake.

Uimbaji wake ulikuwa wa kuivunja sauti: hutoka kifuani, mara huruka juu kama ya mtoto, kisha hushuka tena. Mtu wa Ngara hahitaji maelezo mengi; asimame kilimani jioni asikilize vijana wenye ng'ombe wanavyoitana ng'ambo ya bonde. (Mwalimu wangu wa muziki chuoni angenikosoa hapa, lakini mambo haya ni ndugu.)

Tarehe 4 Agosti 1927 sauti yake ilitiwa katika santuri kwa mara ya kwanza, mjini Bristol, Tennessee. Katika miaka 6 aliimba nyimbo zaidi ya 100, na mwaka 1931 akaimba hata juu ya kifua kikuu chake. Hilo ndilo linalonigusa mimi karani. Ndugu wanapokuja kuandikisha marehemu, nikiuliza aliumwa nini, sauti hushuka: "Kikohozi tu." Kwa miezi mingapi? Kimya. Rodgers alitamka mbele ya dunia nzima, na tena siku zile dawa haikuwapo. Streptomisini iligunduliwa mwaka 1943, naye alikuwa kaburini miaka 10. Leo kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6, na hapa kwetu dawa ni bure.

Mwezi Mei 1933 alikwenda New York kuimba mara ya mwisho. Waliweka kitanda ndani ya chumba cha kurekodia. Akimaliza wimbo hulala, akipata pumzi huinuka. Alimaliza tarehe 24. Tarehe 26 akafa, mwenye umri wa miaka 35. Gari moshi ndilo lililomrudisha kwao Meridian.

Santuri zake zikaendelea na safari. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alifika kwa Wakipsigis na mashine yake. Akawasikia wasichana, Chemutoi Ketienya akiwaongoza, wakiimba kwa kinubi na kumwalika Chemirocha aje acheze. Mengine ya wimbo huo nayaacha, maana gazeti hili husomwa na watoto.

Wako wanaowacheka kwa habari ya swala. Mimi siwacheki. Sauti ikitoka sandukuni bila mtu, ikirukaruka namna ile, wewe ungesema ni ya nani?

Mwaka 2015 nyimbo hizo alizozichukua Tracey zilirudishwa Kapkatet, upande wa Kericho. Miaka 65 ilikuwa imepita. Walimkuta mzee aliyeimba siku zile, wakampa asikilize sauti yake ya ujana.